Mwenyekiti wa Unga wa Krismasi

Mwenyekiti wetu alikuwa akinusa nguo. Nikimkumbuka mama yule namwona amekaa kwenye kigoda barazani kwake, Majilio yameshaanza, mvua imekatika kidogo, na sisi watu wa jumuiya ya kanisani tumepanga foleni na mafurushi yetu ya misaada kama kina mama waliopeleka watoto kliniki. Anapokea sweta, analigeuza ndani nje, analivuta mpaka puani, anafumba macho. Likiwa safi linakwenda kwenye mkeka. Likinuka jasho linarudi kwa mwenyewe, tena mbele za watu.

"Baba, hili kalifue kwanza. Mtoto Yesu hakuzaliwa ili tupate pa kutupia matambara."

Unachukua sweta lako unaondoka umeinamisha kichwa. Kesho yake unalirudisha limefuliwa na kupigwa pasi, naye analinusa tena, maana hakuwa mtu wa kuridhishwa kwa maneno. Katika jumuiya yetu, upande huu wa Mollo, Sumbawanga, hakuna ambaye hakuwahi kurudishiwa kitu. Mke wangu alirudishiwa shuka. Katekista alirudishiwa suruali, akaapa hatatoa tena, na mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Tulimwita Mwenyekiti hata baada ya uenyekiti kumtoka. Jumuiya ilishamchagua mwingine, mama mzuri tu, mpole, lakini huyo tulimwita Mwenyekiti Mpya mpaka naye akazoea. Yule wa zamani tulimzika mwaka huu kabla ya Kwaresima. Msemaji wa familia alisoma mema yake mengi makaburini, na yote yalikuwa kweli. Mimi nilisimama nyuma na wachimba kaburi, nikasikiliza mpaka mwisho, na kila alilolisoma lilinipeleka kwenye lile ambalo hakulisoma. Sikulisema pale, si mahali pake. Lakini nimekaa nalo vibaya tangu siku hiyo.

Nieleze kwanza misaada hiyo ilikuwa ya nani. Ufipa imepokea wafugaji wengi kutoka kaskazini, Wasukuma wengi wao, waliokuja na ng'ombe kufuata majani. Wako waliofika na mifugo ya kujaza bonde, wakatajirika kuliko sisi, na hao hawakuhitaji huruma ya mtu. Ninaowasema ni wale waliofika mikono mitupu: ng'ombe wamekufa njiani, baba ametangulia kutafuta malisho na hajarudi, mama amebaki na watoto katika kibanda cha majani pale mteremkoni juu ya mashamba yetu. Desemba mvua inawanyeshea, chakula hakuna, na baridi ya kwetu haina adabu, haimwulizi mtu kama ni mgeni.

Jumapili moja, Misa imekwisha na padri anataka kuondoka, Mwenyekiti alisimama bila kupewa nafasi. Akasema hawezi tena kuchinja kuku na kuimba habari za mama aliyekosa mahali katika nyumba ya wageni, wakati moshi wa mama kama huyo anauona kila asubuhi akifungua mlango. Akakaa. Hakuna aliyebisha, utabishia nini hapo? Tangu mwaka ule kila familia ya jumuiya ikapewa familia moja ya wahamiaji ya kuisaidia Krismasi. Aliyapanga yote kichwani. Alikuwa akimtazama mtoto mara moja njiani, halafu anakuja kukwambia miguu yake ni mikubwa, viatu vya kijana wako vitambana, tafuta vingine.

Kuhusu chakula alikuwa na sharti moja tu: kisagwe. Mahindi yasagwe, ulezi usagwe. Punje haitolewi.

Hapo ndipo mimi ninapoingia, maana mimi ndiye mwenye mashine ya kusaga, na wananiita Baba Mashine hata nikiwa nimevaa suti. Juma la mwisho kabla ya Krismasi nilikuwa nafungia wateja wengine nje nasaga unga wa wahamiaji, bure, na watu walinisifu, nami nilisifika. Mwenyekiti alikuja kukagua mwenyewe. Anatumbukiza mkono kwenye gunia, anausugua unga wa ulezi kati ya vidole, akikuta punje nzima anasema, "Pitisha tena." Ulezi ni punje ndogo sana, ukitaka isibaki hata moja inabidi uupitishe na kuupitisha. Nilipitisha. Vumbi lilijaa kope, nikitoka nje watoto wananicheka, babu amezeeka leo leo.

Sasa, mtu asiye wa kwetu atauliza kuna ubaya gani kusaga. Wazee wa kwetu walikuwa na desturi, na sisi tunayo bado ingawa tunajifanya hatuna: anayempa mgeni mbegu kutoka ghalani mwake ndiye mwenyeji wake. Chakula ni chakula tu, kinaliwa kinakwisha. Mbegu ni jambo jingine. Mgeni akipanda mbegu yako akavuna, huyo amekaa, na wewe ndiye unayemjibia. Akigombana na mtu unaitwa wewe. Mnyama wake akila shamba la mtu, wewe ndiye unayesimama mkutanoni. Mbegu ya dukani haina mwenyeji, lakini ulezi hatuununui dukani, kila nyumba ina wake, na mwenye njaa hiyo dukani atakwenda na nini?

Ndiyo maana tulisaga. Hakuna aliyelisema hata siku moja. Tulisema tunawapunguzia safari ya mashine. Tulisema mtoto mwenye njaa hasubiri kusagiwa. Yote hayo yalikuwa kweli, na yalitusaidia kulificha lile la tatu, kwamba tulitaka wale washibe na tulitaka wasikae. Tuliogopa ng'ombe wa wenzao na tuliogopea ardhi yetu. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana maharage yangu mimi yaliliwa shamba zima msimu mmoja na mwenye ng'ombe sikumjua mpaka leo. Lakini nikiukumbuka ule unga laini, ulivyokuwa mtamu na usio na hata punje moja, naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Msidhani alikuwa mama wa moyo mgumu. Alikuwa na mdomo wake na mkono wake, na viwili hivyo havikuelewana. Mdomo ulikuwa unamgombeza mhamiaji, mbona mtoto kifua wazi katika baridi hii, hamna akili nyie, na huku mkono unafungua kitenge chake mwenyewe unamfunika yule mtoto. Mwaka mmoja alitoa koti la mumewe bila kumwambia. Mzee alilitafuta nyumba nzima, akaja kuliona kanisani siku ya Krismasi, limekaa benchi la mbele yake, limevaliwa na Msukuma mmoja mrefu. Tulimwona mzee anavyolitazama Misa nzima. Walipotoka nje akamshika yule mtu mkono, akamtakia heri ya Krismasi, akamwambia taratibu, "Mfuko wa ndani umetoboka, usiweke kitu." Alikwenda na baridi yake mpaka Mei alipopata jingine, na Mwenyekiti kila akimwona anatetemeka anacheka mpaka anakaa chini.

Ila hata katika wema wake wahamiaji waliishia barazani. Chai waliletewa pale pale, nzito, ya maziwa, sukari ya kutosha, lakini mlangoni hawakuvuka. Na ng'ombe wakiingia mashambani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka na fimbo. Siku moja alimfukuza mtoto mchungaji mpaka ng'ambo ya kijito, akarudi anahema. Nikamwuliza umemtambua? "Nitaachaje kumtambua," akasema, "sweta nimemvisha mimi." Akaanza kuchomoa miiba kwenye kanga. Halafu akasema neno alilopenda kulisema: "Huruma nayo iwe na mpaka, kama shamba."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo. Usimpe mtu kitu halafu ukakaa unamchungulia anavyokitumia. Ukitaka kujua habari za nyumba usimwulize mama, tazama sufuria. Hata kimpumu, pombe yetu ya ulezi, aliinywa mara moja tu kwa mwaka, siku ya Krismasi jioni, bakuli moja, akisema ni kwa ajili ya kusahau nyuso. Tulicheka tukidhani ni utani wake.

Mama Kulwa ndiye aliyeangukia kwenye familia ya Mwenyekiti mwenyewe. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, mwenye mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wadogo wakati huo. Mumewe alikwenda na ng'ombe wachache waliobaki upande wa Katavi, na habari zake hazikurudi. Yeye alibaki na mbuzi kadhaa na jembe. Aliongea Kiswahili cha polepole, akichagua, na kila alipomsalimia Mwenyekiti alipiga goti mpaka chini, hata kwenye matope.

Krismasi yao ya kwanza nilikuwepo barazani, nimebeba magunia. Mwenyekiti akamkabidhi unga, maharage, blanketi, magauni mawili yanayofanana ya watoto. Mama Kulwa alishukuru kitu kimoja kimoja. Kisha akauliza:

"Mama, ulezi ambao haujasagwa hamna? Hata kibaba."

Katekista akataka kulipitisha lile kwa mzaha, akasema, "Mama Kulwa, si watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?"

"Jembe ninalo, baba," akajibu. "Mbegu ndiyo sina."

Alisema bila ubaya wowote. Mwenyekiti akainuka, akaingia ndani, tukadhani amekwenda kumletea. Akatoka na sukari. Akampa, Mama Kulwa akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaenda zake na watoto wake mteremkoni. Foleni ikaendelea.

Miaka miwili mitatu ilipita hivyo, unga na magauni. Halafu Majilio ya mwaka mmoja Mwenyekiti akaugua. Mumewe alikwishafariki, kijana wake mkubwa alikuwa na mji wake jirani lakini shughuli zake nyingi. Homa ilimshika akawa hawezi kuinua kikombe. Jumuiya tulikwenda kumwona, tuseme ukweli, tulikwenda vizuri. Tulisali rozari kitandani kwake, tuliimba, tukaacha sabuni na majani ya chai, tukaondoka kwa sababu kwaya ilikuwa na mazoezi. Mama Kulwa alikuja kuulizia, akasimama barazani kama kawaida yao, akapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Akavuka mlango.

Alikaa humo mpaka homa ikaisha. Alimwogesha, alimfulia, alimpikia uji wa unga uleule tuliompa sisi. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenisimulia, maana mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, ni mwimbaji wa besi. Aliniambia, "Nilifumbua macho nikamwona anapuliza moto jikoni kwangu, kila kitu anajua kilipo. Hajawahi kuingia. Akajuaje?" Nikasema jiko la mwanamke mmoja na la mwingine hayaachani sana. Akanitazama kama nimesema upuuzi, na kweli nilikuwa nimesema upuuzi.

Siku chache baadaye, bado miguu haina nguvu, alikuja mashineni na gunia dogo la ulezi mwekundu, mzuri, uliopepetwa. Nilijua ni wa Krismasi. Nikalifungua, nikaliinua kulimimina. Akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa mashine.

"Huu usiusage."

Nikashusha gunia. Kila mmoja wetu alijua linalofanyika. Akalibeba mwenyewe begani, mama mgonjwa yule, akaanza kupanda mteremko, na mimi nilimtazama mpaka akafika kwenye kile kibanda. Nakumbuka nilifurahi. Nilifurahi sana, na sikuthubutu kufanya kama yeye.

Ule ulezi ulitoka. Mama Kulwa alifyeka majani akayafukia kwa matuta kama tunavyofanya sisi, alituangalia akajifunza, na mashuke yakafunga ngumi. Watu wakipita njiani wanageuza shingo. Hakuna aliyeuliza mbegu imetoka wapi. Ukimwuliza mtu swali ambalo jibu lake unalijua, utalazimika kulisikia.

Mwezi ule wa kuvuna, ng'ombe wa wafugaji wengine kabisa, wakubwa wale, waliteremka wakamaliza maharage ya watu wengi. Kukaitishwa mkutano. Watu walikuwa na hasira, na haki walikuwa nayo, na mtu mwenye haki na hasira kwa pamoja ni vigumu kumzuia. Wenye ng'ombe hawakuja. Waliokuja ni wale wa vibandani. Mkutano ukakubaliana kwa njia ya kwetu: kila mhamiaji asimame, na mwenyeji wake ajitokeze. Wenyeji watachangia hasara ya maharage, na wageni wao watakaa. Asiye na mwenyeji avune alichonacho, aondoke.

Katika desturi hiyo mgeni hamtaji mwenyeji wake. Mwenyeji hujitaja mwenyewe. Mgeni akikutaja ni kama amekukaba.

Wachache walijitokeza kwa ajili ya vijana wao wa kazi. Kisha ikafika zamu ya Mama Kulwa. Akasimama na mapacha wake, mmoja kila upande. Hakumtazama Mwenyekiti. Alitazama chini, mbele ya miguu yake, na mimi nilielewa kwamba anamwachia nafasi.

"Mwenyeji wake ajitokeze," akasema mzee aliyeongoza mkutano.

Mwenyekiti alikuwa kwenye benchi, mimi nyuma yake. Kijana wake mkubwa alikuwa amekaa kando yake, na niliona anauweka mkono wake juu ya goti la mama yake. Hakubonyeza, aliuweka tu. Mwenyekiti akajifunga kitenge upya. Akakohoa. Mzee akarudia mara ya pili. Mapacha wakamwangalia Mwenyekiti, wao hawakujua desturi, walimjua bibi wa magauni. Mara ya tatu mzee akasema basi, apite mwingine.

Ningeweza kusema mimi. Niliona gunia. Wengine pia waliona ulezi ukiwa shambani na walijua haukushuka na mvua. Tulikaa wote, tumenyamaza, jumuiya nzima ya Krismasi, na kijua cha baridi kinatuwakia.

Mama Kulwa alivuna, akaondoka. Hakumaliza hata kupepeta. Aliuacha kwenye mlango wa Mwenyekiti mfuko wa ulezi ule mpya, alfajiri, bila kupiga hodi. Mwenyekiti hakuula wala hakuupanda. Uliliwa na panya mwishowe.

Baada ya hapo alitoa kuliko mwanzo. Alitoa blanketi lake la kitandani, alitoa sufuria, aligombana na kijana wake kwa sababu ya mbuzi aliyemchinjia mhamiaji mmoja mwenye watoto wengi. Aliacha kunusa nguo, na hilo ndilo lililotutisha zaidi. Ulimletea chochote akapokea. Mtu akimshukuru alikuwa anageuka na kuondoka sentensi haijaisha. Kanisani alihama benchi lake la mbele akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, penye upepo, na padri alipomwomba arudi alisema huko mbele kuna joto. Kuna joto Sumbawanga? Hata padri alicheka. Mimi sikucheka.

Unga tuliendelea kuusaga. Hilo hakulibadilisha, wala mimi.

Desemba iliyopita nilikuwa nakwenda Kabwe, kule ziwani, kununua dagaa wa biashara ya mke wangu. Mwenyekiti akaja mashineni na fimbo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kabwe unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Si peke yako."

Muuza dagaa mmoja alikuwa amemwambia kwamba kule yuko mama wa Kisukuma mwenye mapacha wa kike, wameshakuwa wasichana wakubwa. Nikamwambia ni mbali, atachoka, magari ya kushuka ziwani yanarusha. Akaniuliza kama nimemwona akilalamika. Tulipanda basi mpaka Namanyere, tukapata gari jingine, na njia yote alishika mapajani fuko lenye blanketi na sukari. Tulivyoteremka ziwani joto likaanza, akavua sweta, kisha kitambaa cha kichwa, akawa kama mtu mwingine, mdogo.

Tulimkuta Mama Kulwa na kina mama wenzake wakigeuza dagaa waliowaanika. Alikuwa amenenepa kidogo. Alituona kutoka mbali, akafuta mikono, akaja, akapiga goti kwenye mchanga.

"Shikamoo mama."

Mwenyekiti aliitika. Mama Kulwa akainuka, akawageukia wenzake.

"Njooni mumsalimie. Huyu ndiye mwenyeji wangu wa Ufipa, yule niliyekuwa nawaambia."

Wakaja mmoja mmoja. Shikamoo bibi, karibu bibi, asante kwa kututunzia mwenzetu. Mwenyekiti aliwapa mkono wote. Mimi nilitazama ziwa.

Alitukaribisha ndani, si uani. Akatukalisha kwenye viti, akaleta ugali wa muhogo na migebuka miwili mikubwa, samaki wa ziwa lile, akaleta maji ya kunawa. Kulwa au Doto, sikuwatofautisha, alishika birika. Mwenyekiti hakunyoosha mikono.

"Kabla sijanawa nina neno."

"Sema, mama."

"Siku ile ya mkutano nilikuwepo."

"Najua."

"Nilikaa."

"Najua, mama. Mimi nilikuwa nimesimama. Aliyesimama anawaona wote waliokaa."

Binti alishusha birika. Mwenyekiti akasema, "Basi usiniite mwenyeji wako mbele za watu. Unanivua nguo."

Mama Kulwa alifikiri kabla ya kujibu, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Tulipofika hapa tulikuwa hatuna mtu. Wakatuuliza mmetoka wapi, nani anawajua huko. Waliotupa unga kule walikuwa wengi, Mungu awabariki. Lakini wa kumtaja nilikuwa naye mmoja tu. Nikakutaja wewe. Wakatupokea kwa jina lako."

Nje kina mama walikuwa wanacheka jambo lao.

"Umenisamehe?" Mwenyekiti akauliza. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu, alijua kuwaombea wengine tu.

"Hilo bado, mama," akasema Mama Kulwa, kwa upole uleule. "Nawa. Chakula kinapoa."

Akanawa. Akala. Mama Kulwa alimchambulia samaki miiba, akamwekea minofu upande wake, kama anavyofanyiwa mzazi. Kisha birika likaja kwangu, akasema, "Na wewe Baba Mashine, nawa." Mimi sikuulizwa neno lolote, wala sikusema lolote. Nilinawa nikala, na samaki alikuwa mtamu.

Tuliporudi Mwenyekiti alifumba macho mpaka tulipomaliza kupanda milima na baridi yetu ikaanza kuingia dirishani. Nilidhani amelala. Nikamfunika sweta lake.

"Amesema bado," akasema. "Umemsikia? Hakusema hapana."

"Nimemsikia, mama."

"Pasaka tutarudi."

Nikamwambia tutarudi.